Deni la LUKU na jina lako benki: mita haikopesheki, mtu ndiye

Wafanyabiashara wa Kidodi, Ruembe na Mikumi wanauliza swali moja ambalo maofisa mikopo hulijibu kwa mkato: nikikubaliana na TANESCO kulipa deni la umeme kidogo kidogo, je, jina langu linachafuka benki? Swali ni la msingi. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anayetaka mkopo wa kununua mota mpya hana budi kujua kama makubaliano aliyosaini kwenye ofisi ya umeme yatamfuata hadi kwenye meza ya meneja wa benki.

Jibu la haraka ni hapana. Lakini jibu hilo likichukuliwa bila maelezo linaweza kumponza mtu, kwa sababu hapa petu yapo madeni ya aina mbili ambayo wananchi huyaita kwa jina moja la deni la umeme. Moja linakaa kwenye mita, la pili linakaa kwenye jina la mtu. Mengi ya yanayoharibu mikopo ya wafanyabiashara wadogo huanza pale deni la kwanza linapogeuzwa kuwa la pili bila mwenyewe kutambua.

Tuanze na la mita. Tangu Aprili 2016 EWURA iliidhinisha bei ya shilingi 292 kwa uniti kwa wateja wa matumizi ya kawaida ya biashara, kundi linaloitwa T1. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti moja humfikia mnunuzi kwa kama shilingi 356. Ukinunua umeme wa shilingi 50,000 unapata uniti 140 na ushee. Sasa chukua mfano kwamba mita ina deni la zamani na mmekubaliana nusu ya kila ununuzi iende kulipunguza. Shilingi 50,000 ile ile inakuletea uniti 70. Ujumbe wa LUKU unaonyesha yote hayo, mstari kwa mstari, pamoja na makusanyo ya deni.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mwenye mashine huona uniti 70 kwa shilingi 50,000, akagawanya, akapata shilingi 714 kwa uniti, kisha akapandisha bei ya kukoboa. Wateja wanahamia kwa jirani mwenye mashine ya dizeli. Mwenzetu huyu amechanganya vitu viwili ambavyo daftari la hesabu linavitenganisha. Umeme wa wiki hii umemgharimu shilingi 356 kwa uniti kama wiki zote. Shilingi 25,000 nyingine ni malipo ya umeme alioutumia zamani, tena mpunga wake ulishakobolewa na fedha zake zilishaliwa. Deni hulipwa kutoka kwenye faida au akiba. Ukimtwisha mteja wa leo, utabaki na mashine na deni, wateja hawapo.

Sasa turudi kwenye jina. Mfumo wetu wa taarifa za wakopaji una msingi wake katika Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2012. Kanuni hizo ziliunda kanzidata ya taarifa za wakopaji chini ya Benki Kuu na kuruhusu kampuni za kuchakata taarifa hizo. Zilizopewa leseni mwaka 2013 ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Wanaobanwa kupeleka taarifa ni benki na taasisi za fedha. TANESCO inauza umeme, haitoi mikopo. Ndiyo maana mpango wako wa kulipa kwa awamu hubaki kati yako, mita yako na shirika hilo, na hauna sababu ya kuonekana kwenye jalada lako la mkopaji.

Lakini msishangilie mapema. Kilichofichika kwa ubaya kimefichika pia kwa uzuri. Mtu aliyelipa deni lake la LUKU miezi 18 bila kuruka hata mwezi mmoja hana cha kuonyesha. Benki ikivuta taarifa zake itakuta ukurasa mtupu, sawasawa na wa kijana ambaye hajawahi kudaiwa chochote. Uaminifu wa miezi 18 umepotelea kwenye namba ya mita.

Na mita yenyewe ni ya nani? Tembea kwenye fremu za hapa Kidodi, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Mshonaji, kinyozi, muuza vipuri vya pikipiki: wachache mno wana mita zenye majina yao. Mita ni ya mwenye jengo, na huenda jina lililosajiliwa ni la marehemu baba yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa jengo la kawaida na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kisheria mlipaji ni mwenye jengo, kiutendaji hulipa yule anayenunua umeme. Mpangaji mwerevu huandika kila makato na kuyadai kwenye kodi ya pango. Mpangaji mwenye haya hunyamaza.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaotaka TANESCO ipeleke majina ya wadaiwa kwenye kanzidata ya Benki Kuu kesho asubuhi. Nimesikia hoja kwamba mamilioni ya wananchi hawana historia ya mkopo na kwamba ankara ya umeme ingewasaidia. Hoja ina uzito. Ila deni likipelekwa kwa jina lililoko kwenye mita, tutamchafua mama mwenye nyumba aliyeko Morogoro kwa umeme uliochomwa na mchomeleaji wa Kidodi, au tutamchafua mrithi kwa deni la marehemu. Kwanza mita zioanishwe na watumiaji halisi kwa namba zao za NIDA. Baada ya hapo tuzungumze.

Kuna jambo la haki pia. Mwaka 2017, baada ya Rais Magufuli kuagiza wadaiwa wote wakatiwe umeme, TANESCO ilitoa notisi kwa wadaiwa sugu. Waliotajwa ni pamoja na taasisi za umma na shirika la umeme la Zanzibar, ZECO, lililokuwa likidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Madeni ya namna hiyo humalizwa kwa vikao. Ya kinyozi humalizwa na mita yenyewe, saa sita usiku, bila kikao. Na sisi ndio tunaoishi jirani na mtambo wa Kidatu, unaozalisha umeme wa Mto Ruaha Mkuu tangu 1975, megawati 204, nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda mijini!

Sasa deni la pili, lile lenye meno.

Umeme unakatika saa mbili usiku, samaki wako kwenye friza. Mfukoni hamna kitu. Simu inakukumbusha kwamba unaweza kukopa. Mwaka 2014 Vodacom na benki ya CBA, ambayo leo ni NCBA, walileta M-Pawa, na mitandao mingine ikafuata na mikopo yake. Unakopa shilingi 20,000, unanunua LUKU, friza inaunguruma tena. Mbele ya macho yako hilo ni deni la umeme. Kwenye vitabu vya benki ni mkopo kamili, wenye jina lako, namba yako ya kitambulisho na tarehe ya kurejesha. Ukipitiliza siku 90 unaingia kundi la mikopo chechefu. Benki nyingine ikikuvuta baadaye haitaona samaki wala friza. Itaona mkopaji aliyeshindwa kurejesha shilingi 20,000, na itajiuliza atawezaje kurejesha milioni nane.

Makubaliano na TANESCO, pamoja na uchungu wake wa kukatwa nusu, hayana hatari hiyo. Kukopa simu ili kukwepa makato ya mita ni kuhamisha deni kutoka mahali lisipoonekana kwenda mahali linapoonekana na kila mkopeshaji. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, kwa wakopeshaji wa kausha damu au programu za simu zisizo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za namna hiyo kuwa zinafanya kazi kinyume cha sheria. Wengi wao hawana haja ya jalada lako. Silaha yao ni orodha ya namba kwenye simu yako, watawapigia mpaka wakwe.

Wenzetu wa Kenya wametangulia, na njia yao ina mafunzo ya pande zote mbili. Mikopo midogo ya simu iliwaingiza watu wengi mno kwenye orodha mbaya, hadi Aprili 2020 kanuni zikakataza kuorodhesha deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya. Novemba 2022 Benki Kuu yao ikatangaza mpango wa kusafisha majalada, ambapo wadaiwa wa mikopo ya simu waliweza kusamehewa angalau nusu ya deni wakilipa iliyobaki. Upande wa pili, kampuni ya M-KOPA, inayouza sola kwa malipo ya kila siku, imekuwa ikipeleka taarifa za malipo ya wateja wake kwenye kampuni za taarifa za mikopo. Mkulima aliyelipia taa zake bila kukosa alijikuta na jalada zuri kwa mara ya kwanza maishani. Deni la nishati lilimjenga, kwa kuwa tangu mwanzo lilikuwa la mtu anayejulikana.

Kwetu kuna tatizo la ziada, nalo ni miwa. Asilimia kubwa ya fedha zinazozunguka Kidodi hutoka kiwandani Ruembe. Kiwanda kikifunga kusaga wakati wa masika, wakulima hawalipwi, na asiyelima miwa naye anaumia kwa sababu wateja wake ndio hao. Kinyozi anayekubali kulipa kiasi kile kile kila mwezi, mwaka mzima, amesaini kushindwa mwezi Aprili. Ndiyo maana makato ya asilimia kwenye LUKU ni afadhali kwa biashara ya msimu kuliko rejesho lisilobadilika: ukinunua kidogo, unakatwa kidogo. Na unapokwenda benki, omba ratiba inayofuata malipo ya miwa. Ukiona dalili za kukwama, nenda ukaombe ratiba mpya kabla ya siku 90 kupita. Mkopo uliopangwa upya mapema unaeleweka, mkopo ulionyamaziwa haueleweki.

Mwenye kutaka kukopa msimu ujao aombe kwanza taarifa yake kwa mojawapo ya kampuni zile mbili, kwa namba yake ya NIDA, na aisome mwenyewe kabla benki haijaisoma. Mkopo uliokwisha kulipwa ukionekana bado upo wazi, kanuni zinampa haki ya kupinga na kutaka usahihishwe. Mwenye mpango wa TANESCO achukue nakala ya makubaliano yenye muhuri, na deni likiisha aombe barua. Ujumbe wa LUKU nao uchapishwe kila baada ya miezi mitatu, kwa maana simu huibiwa na ujumbe hufutika. Ofisa mikopo halazimiki kuzipokea karatasi hizo, lakini mbele ya jalada tupu ndizo pekee zinazoonyesha kwamba mwombaji aliwahi kudaiwa na akalipa.