KENTE NI NGUO YENYE JINA

Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hunijia kila nisikiapo mtu akikinyoshea kidole kitambaa chenye mistari ya dhahabu, kijani na nyekundu, halafu akasema, "Ile nguo ya Kiafrika." Ati basi, amemaliza! Kitambaa hicho kina jina, nacho huitwa kente. Tena kina wenyewe: Waasante wa Ghana, pamoja na majirani zao Waewe ambao nao ni mafundi hodari wa kufuma. Kukiita "cha Kiafrika" tu ni sawa na kumwita mtu "wee!" ilhali wazazi wake walimpa jina.

Maoni yangu ni haya: uzuri wa kente haumo katika rangi peke yake. Umo katika maana pia, na anayeivaa bila kuijua maana hiyo amevaa nusu ya nguo.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Kijiji kinachosifika zaidi kwa ufumaji wa Kiasante ni Bonwire, karibu na mji wa Kumasi. Wazee wa huko husimulia kuwa watu wawili walijifunza kufuma kwa kumtazama buibui Ananse akitanda utando wake msituni. Ananse huyo ndiye mjanja wa ngano zao, kama alivyo sungura katika ngano zetu. Mfumi huketi kwenye kitanda chake cha mbao, mtande umenyooshwa mbele yake mita nyingi, na ncha yake imefungwa kwenye jiwe zito. Vidole vya miguu vinavuta kamba za kupandisha na kushusha nyuzi, mikono inapitisha mshindio kulia na kushoto. Si mchezo, bwana! Na anachokitoa ni utepe mwembamba wa sentimita 10 hivi. Vazi la mwanamume mzima huhitaji tepe kama 24, zishonwe ubavu kwa ubavu, na michoro ikutane sawasawa. Akikosea kipimo katika utepe wa kwanza, ataumbuka atakapofika wa mwisho.

Sasa tuje kwenye maana. Wengi wetu tumezoea kukariri rangi kama jedwali la kuzidisha: dhahabu ni utajiri na ufalme, kijani ni mimea na ustawi, buluu ni amani, nyekundu ni damu na kujitolea, nyeusi ni mizimu na ukomavu wa roho. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Kente husemwa hasa kwa jina la mfumo wake. Kuna Sika Futuro, yaani vumbi la dhahabu, linalokumbusha enzi ambapo vumbi hilo lilikuwa ndiyo fedha ya Waasante. Kuna Oyokoman, linalohusiana na ukoo wa Oyoko ambao ndio ukoo wa wafalme. Kuna Adwinasa, maana yake "michoro imekwisha," kwa kuwa mfumi ameimaliza mifumo yote anayoijua katika nguo moja. Zamani mifumo mingine ilikuwa ya mfalme, Asantehene, na hakuna aliyethubutu kuivaa bila idhini yake. Kumbe hata nguo ilikuwa na itifaki!

Sisi tuliolelewa katika leso tunalielewa jambo hili upesi. Mama akijifunga leso, jirani husoma maandishi na ujumbe ukafika. Tofauti ni kwamba leso huandikwa, nayo kente haina hata herufi moja. Ni lazima mtu afundishwe kuisoma.

Mfano ulionivutia zaidi ni huu. Kwame Nkrumah, kiongozi wa kwanza wa Ghana huru, alimwoa Fathia kutoka Misri mwishoni mwa mwaka 1957. Mfumo mmoja wa kente ukaitwa Fathia Fata Nkrumah, yaani Fathia anamfaa Nkrumah. Mwaka 1966 jeshi likampindua Nkrumah. Nguo ile ile ikapewa jina jipya: Obaakofo Mmu Man, mtu mmoja hatawali taifa. Uzi haukubadilika, rangi hazikubadilika, lakini nguo iliyokuwa ya harusi ikawa ya siasa. Ni gazeti gani lingesema mengi kuliko hayo kwa maneno matatu?

Najua wapo wenzangu watakaopinga. Watasema nguo ni nguo, na kwamba kente iliyochapishwa kiwandani ni rahisi, hivyo hata mnyonge apate kuivaa. Hoja hiyo ina uzito, wala simlaumu mwenye mfuko mdogo. Lakini tujiulize: mashine ikinakili mchoro uliobuniwa na mfumi, mfumi anapata nini? Kijana wa Bonwire ataketi wiki nzima nzima kitandani pake kwa sababu gani ikiwa soko haliwezi kutofautisha kazi yake na karatasi ya rangi? Siku akiinuka akaenda kutafuta kazi nyingine, ataondoka na majina yale kichwani mwake. Mashine hunakili rangi, haijui kubuni jina.

Simaanishi kuwa mila ibaki kama jiwe. Zamani wanawake walikatazwa kufuma kente. Siku hizi wapo wanaofuma, na hilo ni jema kabisa. Aidha, mnamo Desemba 2024 shirika la UNESCO liliuingiza ufumaji wa kente wa Ghana katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo ni kubwa, lakini orodha haifumi nguo. Inayofuma ni mikono, na mikono hula.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, na walimu wetu wapendwa, tusiikimbie kente. Tuivae kwenye maigizo na sherehe zetu. Ila kabla ya kujitanda, tuulize: hii inaitwaje, nani aliifuma, na inasema nini? Muuzaji asipojua, tutafute anayejua. Ukiulizwa ukumbini kuhusu nguo iliyo begani mwako, usijibu "ni ya Kiafrika." Taja jina lake.