Kitanzi hakijanyonga mtu tangu 1987. Sasa tunabishania nini?

Mtu akiuawa kinyama, unajua kinachofuata. Simu zinajaa picha, kilio kinageuka hasira, na kabla marehemu hajazikwa kuna mtu ameshaandika: "Hawa ni wa kunyongwa tu." Pale Kutulo, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, hasira hiyo haifundishwi na mtu. Desemba 2019 basi la abiria lilivamiwa karibu na mji huo, na polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Kama unasafiri barabara hiyo, hukumu ya kifo si mada ya mdahalo wa shule. Ni jambo linalokuhusu wewe na nduguyo aliyepanda basi asubuhi.

Kwa hivyo sitakuambia usikasirike. Ninachokuomba ni kabla hujaandika "wanyongwe", tuangalie hicho kitanzi unachokililia kinafanya kazi gani hasa.

Ukweli wa kwanza: hakifanyi kazi. Mara ya mwisho Kenya kunyonga mtu ilikuwa Julai 1987, gereza la Kamiti, wakati Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu walipouawa kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo mahakama zimeendelea kutoa hukumu za kifo mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyenyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 wakatumikia maisha gerezani. Mwaka 2016 Rais Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Mwaka 2023 Rais Ruto naye akabadilisha hukumu za waliokuwa wakingoja kitanzi hadi Novemba 2022. Halafu foleni ikaanza kujaa upya.

Yaani jaji anamwambia mama wa marehemu kwamba muuaji atakufa, na kila mtu mle kortini anajua hatakufa. Mama anarudi nyumbani na ahadi hewa. Mfungwa naye anaingia ndani bila kujua kama ana miaka ya kuhesabu au la. Unaiitaje hiyo? Haki? Mimi naona ni kudanganya pande zote mbili.

Ukweli wa pili ndio utakaokushtua. Angalia ni nani sheria inamtishia kwa kifo. Kuna mwenye hatia ya mauaji, kuna msaliti wa nchi, na kuna mwizi wa mabavu. Huyu wa mwisho si lazima awe ameua. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinatosheka ikiwa mwizi alikuwa na silaha hatari, au alikuwa na mwenzake, au alimjeruhi mtu. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha. Vijana wawili wakimpora mtu simu kichochoroni, sheria inaruhusu wahukumiwe kifo, na kesi yenyewe husikizwa na hakimu.

Sasa weka hilo pembeni, twende Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika lako. Kesi ilisikizwa Nairobi. Julai 2019 washtakiwa watatu waliopatikana na hatia walihukumiwa: mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Hakuna kitanzi, kwa sababu walishtakiwa chini ya sheria ya kuzuia ugaidi, na adhabu kubwa zaidi katika sheria hiyo ni kifungo cha maisha. Wapi mizani hapo? Simu moja, kifo. Wanafunzi darini na mabwenini, miaka.

Ongeza mfano wa tatu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana kwa mila na dini, na fidia ya ngamia na mbuzi imelipwa. Sisi tunaijua njia hiyo. Ni maslaha. Wazee huketi chini ya mti, diya inatajwa, kwa kawaida ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na damu inasimama.

Kwa hiyo nchi moja, na bei tatu za uhai. Adhabu haifuati uzito wa kosa. Inafuata umeshtakiwa kwa kifungu gani, na ukoo wako una ngamia wangapi.

Najua utakachosema. Utasema dini yetu inaruhusu kisasi. Ni kweli, lakini usiishie nusu ya njia. Sheria hiyo hiyo inampa mwenye damu milango mitatu: kisasi, diya, na kusamehe, na msamaha unasifiwa. Tena inataka ushahidi usio na shaka. Kitanzi cha serikali hakimuulizi mwenye damu chochote. Hayo si mambo mamoja.

Utasema pia kwamba kifo kinatisha, kitazuia wengine. Labda kwa mwizi anayepiga hesabu zake. Lakini wale wanne walioingia chuo cha Garissa na bunduki walikufa humo humo siku hiyo, na walikuja wakijua. Utamtisha vipi kwa kifo mtu aliyekuja kukitafuta?

Na kuna jambo ambalo kijana wa kaskazini hafai kuambiwa na mtu wa Nairobi. Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wanajeshi wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo mmoja na kuwaua bila kesi wala wakili. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika hilo katika ripoti yake ya 2013. Mpaka leo hakuna aliyefungwa. Serikali iliyowahi kukosea hivyo, unaikabidhi kamba kwa moyo mweupe? Hata kwenye kesi ya chuo, mmoja wa waliofikishwa mbele ya hakimu aliachiliwa baada ya kukaa ndani miaka minne. Kama tungemnyonga kwa hasira ya wiki ya kwanza, leo tungemwambia nini mama yake?

Mahakama zenyewe zimeanza kusita. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Jaji sasa anaweza kusikiliza hali ya mtu na kuamua. Lakini Julai 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi huo ni wa mauaji peke yake. Yule kijana wa simu akabaki palepale. Kazi iliyobaki ni ya Bunge, na mbunge wako anakuja kuomba kura kila miaka mitano. Muulize.

Mimi msimamo wangu ni huu: kitanzi kiondolewe kwenye vitabu, na nguvu tunayotumia kukililia tuihamishe kwenye kinachotuumiza kweli. Uhalifu mwingi hapa kwetu haufiki kortini. Shahidi anaogopa, au hana nauli. Msichana anabakwa, wazee wanapokea mifugo, na yeye mwenyewe hakuulizwa. Faili inalala kituoni. Anayetaka kuua haogopi ukubwa wa adhabu iliyoandikwa. Anaogopa kukamatwa, na hapo ndipo tunapomwachia nafasi.

Kwa hivyo siku nyingine ukitaka kuandika "wanyongwe", andika kwanza swali hili: kesi imefika wapi? Mwenye damu anahitaji jibu la swali hilo kuliko kamba ambayo haijaguswa tangu kabla wewe hujazaliwa.