Lucille wa Kenny Rogers Angekuwa wa Kiwangwa, Mngemmaliza kwa Komenti

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kaachwa na mama watoto wake na tayari ameshaachia ngoma tatu za kulia. Zote tatu ni yeye tu: yeye kaumia, yeye katendwa, yeye halali. Mwanamke hana hata neno moja. Watoto ndio kabisa, hawamo.

Sasa mchukueni mzee Kenny Rogers. Mwaka 1977 alitoa "Lucille", wimbo ulioandikwa na Roger Bowling na Hal Bynum, na ndio uliompaisha akiwa peke yake baada ya bendi yake kuvunjika. Mpaka Grammy ulimpa.

Kisa chenyewe: mwanamke yuko baa huko Toledo, Marekani, kavua pete ya ndoa. Jamaa wa pembeni kaona riziki hiyo, anamnunulia kinywaji. Mara mume anaingia. Pande la mtu, mkulima, mikono imekakamaa kwa kazi. Jamaa anajua leo ndio leo, atakula za uso. Wapi! Mume anatetemeka. Hampigi mtu, anamgeukia mkewe na kumtajia watoto wanne waliobaki nyumbani na shamba lililofika wakati wa kuvunwa. Basi, anaondoka.

Jamaa na mwanamke wanaishia hotelini. Mwanamke mzuri, chumba kimelipiwa, lakini jamaa mikono inagoma. Yale maneno ya mume yamemganda kichwani.

Utamu wa kisa uko hapo. Anayesimulia sio aliyeacha wala aliyeachwa, ni mchepuko mtarajiwa! Mtu ambaye ingemfaa kuziba masikio ndiye aliyesikia. Angeimba mume mwenyewe, ingekuwa malalamiko kama yale ya staa wetu.

Haya, hamishia Bagamoyo. Mume ana shamba la mananasi Kiwangwa, yameiva, na nanasi likishaiva halimsubiri mtu, kila siku inayopita bei inashuka. Mke kaonekana baa ya mjini na mwanaume mwingine. Kabla ya saa nne usiku video imezunguka magrupu yote. Mume kaitwa bwege, mke kaitwa majina yasiyoandikika. Wa kuuliza wale wanne wamekula nini jioni hiyo hayupo.

Ila ukweli usemwe, mzee naye kambania Lucille. Mwanamke katumikia shamba na watoto miaka yote, furaha imemkauka, anapewa maneno machache tu halafu wimbo mzima unaegemea kwa mume. Na mama mzazi wa Kenny mwenyewe alikuwa anaitwa Lucille, kalea watoto wanane! Ingekuwa Bongo, familia isingekalika, kila mtu angesema ni mipasho.

Turudi kwa staa wetu. Watoto wake wanasoma, na wenzao darasani wanashika simu za wazazi wao jioni. Wanamsikia baba akimchana mama kwenye kiitikio, kesho yake wanaimbiwa uwanjani. Ngoma ya nne inasemekana iko studio. Ubeti mmoja tu, jamani, aseme mama watoto alichoka nini, au asubuhi nani anawavalisha sare.

Na nyie, ungekuwa wewe yule jamaa wa baa, ungeendelea? Wanaume mjibu bila kudanganya.