Kipimo Kimoja Sio Jibu, Kigoma Tunadai Seti Kamili

Vijana, leo tuweke pembeni bandari na umeme. Naongelea kipimo cha VVU.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliikuta Kigoma na maambukizi ya asilimia 1.7 kwa watu wazima, chini kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Njombe ni 12.7. Takwimu tamu kuitaja jukwaani, lakini ndiyo hiyohiyo inayofanya kipimo kimoja kisitoshe kwetu.

Kipimo cha haraka cha kidoleni hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili. Tuseme kinamsingizia mtu mmoja tu kwa kila mia wasio na virusi. Pima watu 1,000 pale Kibirizi: 17 wanavyo, 983 hawana, na hao 983 watatoa kama 10 wa kusingiziwa. Kwa hiyo kati ya watu 27 walioambiwa "unavyo", 10 ni uongo! Peleka kipimo hichohicho Njombe: 127 wanavyo kweli, 9 wamesingiziwa. Ubora haujabadilika hata chembe, jibu ndilo limebadilika uzito.

Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumtangazia mtu, na arudiwe kupimwa kabla ya kuanza dawa. Zahanati iliyoishiwa kitendanishi cha pili au cha tatu imeshika nusu ya jibu. Mvuvi wa dagaa anakaa nchi kavu mbalamwezi ikiwaka. Ukimwambia arudi wiki ijayo, giza likiingia yuko ziwani, na hofu yake au virusi vyake kaenda navyo.

Serikali ya CCM inajua kushuku vipimo ikitaka. Mei 2020 tuliambiwa papai na mbuzi wana korona (kile ni kipimo cha aina nyingine, sawa). Maabara ikishukiwa, inakaguliwa na majibu yanawekwa hadharani. Lakini takwimu zikagandia wagonjwa 509!

Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tukakumbushwa vitendanishi vyetu vinategemea mfuko wa nani.

Kikao kijacho cha baraza la madiwani, Kigoma Ujiji na wilayani, nendeni mkaulize: Katonga, Kibirizi na kambi za wavuvi zilikaa siku ngapi mwaka huu bila seti kamili? Fedha za ndani zimetengwa shilingi ngapi? Jibu waliandike.