Tusifute Asembli, Tufute Ubao

Wanafunzi wenzangu wa elektroniki hapa Bujumbura wana wimbo mmoja: somo la asembli lifutwe. Wanasema ni lugha ya wazee, kwamba Arduino imekuja, na kwamba taa inayokula ukurasa mzima kwa asembli huwashwa huko kwa mistari michache. Nasema wamekosea. Nasema pia kwamba walimu wetu ndio waliowapa sababu ya kukosea.

Tuanze na wanafunzi. Chukueni PIC16F84A, ile chipu ya miguu 18 iliyofundishia wengi duniani. Ina amri 35 tu. Ina baiti 68 za kumbukumbu ya muda na baiti 64 za kumbukumbu ya kudumu. Ikienda kwa megahezi 4, amri ya kawaida huchukua maikrosekunde 1, na ya kuruka 2. Maana yake ni kwamba mashine nzima inaenea katika kichwa cha mtu mmoja. Ukitaka taa ikae nusu sekunde, huandiki "subiri" ukaenda zako. Unahesabu: kitanzi cha kupunguza na kurudi ni maikrosekunde 3, rejista ya biti 8 haipiti mizunguko 256, basi kitanzi kimoja hakifiki hata milisekunde 1. Ukiweka kitanzi ndani ya kitanzi, hujafika robo sekunde. Unahitaji cha tatu. Aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake anajua muda wa mashine unatoka wapi na unaliwa na nani.

Kisha fikirini umeme wetu, unaokatika bila kubisha hodi. Kifaa cha kuhesabu maji kinachosahau hesabu kila umeme unapokatika hakina faida kwa mtu. Katika PIC hiyo, huwezi kuandika kwenye kumbukumbu ya kudumu mpaka upeleke kwanza namba mbili maalumu, 55 na AA za heksadesimali, moja baada ya nyingine. Ni kufuli, ili programu iliyopotea njia isiharibu data. Chipu ya Arduino Uno nayo ina kufuli ya namna hiyo, lakini maktaba huifungua kwa niaba yako, wala hujui kama ipo. Siku data itakapopotea, utaanza kutafuta wapi?

Nendeni Buyenzi mkamtazame fundi gari. Gari likizimika, dereva anatafuta simu. Fundi anafungua boneti. Sisi tunasomea udereva au ufundi?

Mtasema waajiri wanataka C. Kweli, wala sitetei mradi mkubwa uandikwe kwa asembli. C inaandikwa haraka na huhamishika kwa wepesi kutoka chipu moja hadi nyingine. Lakini C nayo mwisho wake hugeuzwa kuwa amri za mashine. Programu ikikwama, anayeweza kuzisoma amri hizo ndiye atakayeikwamua.

Sasa walimu wetu, kwa heshima zote. Asembli mnayotufundisha haina chipu. Ina ubao, daftari na mtihani wa kukariri. Mwanafunzi akisahau kuhamia benki ya pili kabla ya kupanga miguu ya kutolea, programu yake haikatazwi kutafsiriwa. Taa haiwaki, basi. Chipu hufichua kosa hilo kwa sekunde moja. Ubao haulifichui kamwe. Mtu anaweza kupata alama nzuri katika somo hili bila kuwahi kuwasha taa hata moja. Mnashangaa kwamba anataka lifutwe?

Msituambie vifaa hakuna. Chipu, taa, vipingamizi vichache na kifaa kimoja cha kupakia programu vinaweza kuhudumia kundi zima la wanafunzi kwa zamu. Programu ya kuandikia ni nyepesi, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti.

Na lugha je? Mihadhara ni kwa Kifaransa, kitabu cha chipu ni kwa Kiingereza, na katikati mwanafunzi anakariri herufi. DECFSZ ni kitu gani? Ni "punguza moja, ukifika sifuri, ruka amri inayofuata". MOVLW ni "weka namba hii kwenye rejista ya kazi". Amri zote 35 zinasemeka kwa Kiswahili cha sokoni. Tuzieleze hivyo wenyewe kwa wenyewe, tuone kama bado ni lugha ya wazee.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Asembli ibaki, lakini muhula mmoja tu, kisha C. Kila kundi liwe na chipu mkononi tangu wiki ya kwanza. Na mtihani usiwe karatasi: mwanafunzi apewe saketi isiyofanya kazi na saa mbili, aambiwe aifufue. Atakayeshindwa arudie. Somo likifundishwa hivyo, atakayetaka lifutwe tutamjua kuwa ni mvivu. Kwa sasa siwezi kumwita hivyo.