Tusiwaambie Ni Mwaka Mmoja

Kila msimu wa maombi ya vyuo, simu kutoka nyumbani huja na swali lile lile. Kijana wa Ukunda au Msambweni amepata nafasi ya uzamili hapa Uingereza, ana mke, pengine na mtoto mchanga, na anauliza kama watapanda ndege pamoja. Wengi huwa wameshajibiwa na mawakala: tangulia wewe, mwenzio atafuata, na asipofuata, kwani si mwaka mmoja tu? Jibu hilo linaumiza familia za Kwale, na baadhi yetu tulio huku tumekuwa tukilirudia.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuleta mume, mke wala watoto, isipokuwa awe anasoma uzamivu au uzamili wa utafiti, au awe amelipiwa kikamilifu na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Uzamili wa darasani, ambao ndio vijana wetu wengi huuomba, haumo. Hakuna barua ya imamu, chifu wala mbunge itakayobadilisha hilo.

Sasa tuuangalie huo mwaka mmoja. Masomo yakiisha, wahitimu wengi huomba viza ya kubaki na kufanya kazi miaka miwili. Watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18. Viza hiyo haimleti mke aliyebaki Diani, kwa sababu inampokea tu mwenza aliyekwisha kuwa hapa kama tegemezi wa mwanafunzi. Njia inayosalia ni kupata mwajiri wa kumdhamini katika kazi ya kitaalamu, na tangu Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa waliohitimu karibuni hupunguziwa. Kazi ya kuhudumia wazee, iliyokuwa kimbilio la wengi, ilifungiwa familia tangu Machi 2024. Kwa hiyo mtu asiyekusudia kurudi mara tu amalizapo masomo anaweza kuagana na mwenzake kwa miaka miwili na nusu, hata mitatu. Mtoto aliyeachwa akinyonya atakuwa anakwenda chekechea.

Anayebaki naye ana maisha yake. Kama anafanya kazi katika hoteli za Diani, anajua mvua za masika zinavyowapunguza wageni na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani bila mshahara. Na kama shamba la minazi limeuzwa kulipia karo, hana pa kuegemea ila kwa wakwe. Haki yake ya kuambiwa ukweli kabla shamba halijauzwa ni kubwa kuliko hamu ya mwenzake ya kusafiri.

Mnaoruhusiwa msichelewe. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, unaingia katika lile fungu la waliolipiwa na serikali, lakini gharama za mwenza ni juu yenu, zikiwemo pauni 776 kwa mwaka za ada ya afya. Nikahi ya msikitini ikiwa bado haijaandikishwa, nendeni kwa kadhi mkaitafutie cheti. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hivyo, na afisa wa viza ataomba karatasi. Kipimo cha kifua kikuu kwa ajili ya viza ni lazima kwa wote wawili, kwa hiyo nauli ya treni ya kwenda kupimwa Nairobi ihesabiwe mara mbili.

Kwingineko pia si rahisi. Marekani humruhusu mke wa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 kuingia, ila humkataza kufanya kazi. Kanada, tangu Januari 2025, humpa mwenza kibali cha kazi ikiwa mwanafunzi anasoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au kozi chache za taaluma maalumu.

Wanajumuiya, tunawaomba jambo moja. Kijana akikupigia kuuliza habari za masomo huku, mwulize kama ameoa au ameolewa. Akisema ndiyo, mwambie amwite mwenzake, simu iwekwe sauti kubwa, na umweleze hayo yote wote wawili wakisikia.