Migingo ni mawe tu, vita ni ya mbuta

Ukishuka stage ya Nyamasaria jioni, pitia kwa akina mama wa samaki. Mbuta mzima ni wa wenye pesa. Sisi wengine tunanunua mgongo wazi, ile mifupa inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuza ng'ambo. Uliza mama mbona bei imepanda tena. Atakuambia, "Nyathina, ziwani kuna shida."

Shida yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni siasa za nchi tatu. Angalia hesabu. Ziwa Victoria lina kilomita mraba 68,800 hivi. Tanzania ina karibu nusu, Uganda zaidi ya asilimia 40. Kenya? Asilimia 6 pekee. Samaki hawabebi kitambulisho, kwa hivyo wavuvi wetu wanawafuata kwenye maji mengi. Huko ndiko wanakokamatwa, injini zinachukuliwa, na nyumbani watu wanaanza kuchanga faini.

Migingo unaijua, ule mwamba usiofika nusu ya uwanja wa mpira. Polisi wa Uganda walitua huko 2004, na 2009 nusura tukosane kabisa. Mwaka huo Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa kiko Kenya, ila akasisitiza maji ni ya Uganda. Umeona? Hakuna aliyetaka mawe. Watu walitaka mbuta.

Usidhani ni sisi tu. Kule Aktiki, Kanada na Denmark ziligombania kisiwa kitupu cha Hans tangu 1973. Huyu anaenda anasimika bendera na kuacha chupa ya pombe, yule anakuja anafanya vivyo hivyo. Juni 2022 wakakubaliana kukigawa, basi.

Utasema hao ni marafiki. Sawa, chukua Norwei na Urusi. Tangu 1976 wana tume ya pamoja inayokaa kila mwaka kuamua kila nchi ivue kiasi gani katika Bahari ya Barents. Urusi ilipovamia Ukraine mwaka 2022, Baraza la Aktiki lenye nchi 8 lilikwama, wenzake 7 wakasitisha vikao. Tume ya samaki iliendelea. Si mapenzi hayo. Samaki wanataga mayai upande wa Norwei, wadogo wanakulia hadi upande wa Urusi. Mmoja akivua ovyo, wote wanakosa.

Sisi nasi hatukosi ofisi. Mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, ulitiwa saini hapa hapa Kisumu 1994. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa mjini. Lakini tazama kioja: tangu 2014 mimi na wewe tunaweza kupanda basi hadi Kampala na kitambulisho tu. Mvuvi akivuka mstari asiouona majini, anageuka mhalifu.

Kwa maoni yangu dawa ni leseni moja inayotambuliwa na nchi zote tatu, idadi ya boti iliyokubaliwa, na kesi za waliokamatwa kusikizwa na jopo la pamoja. Na tuwe wakweli, dawa hiyo itatuuma pia. Mwenye asilimia 6 ataambiwa apunguze boti na achome nyavu haramu. Uganda nao wana hoja yao. Lakini kupunguza kwa makubaliano ni afadhali kuliko kupunguziwa na bunduki.

Kwa hivyo 2027 mwanasiasa akija Nyamasaria kupiga kelele kwamba Migingo ni yetu, mpigie makofi ukitaka. Halafu muulize: leseni ya mvuvi je, umeifikisha wapi?